Maisha ya Tabibu Theodor Bilharz, Aliyefichua Asili ya Kichocho

Hapana mtu wa pwani yetu asiyelijua jina la kichocho. Mtoto akikojoa damu, hata bibi kizee asiyepata kuingia chuoni atakutajia maradhi hayo kwa jina lake. Madaktari nao wana jina lao jingine, bilharzia. Lakini ni wachache mno miongoni mwetu wajuao kwamba jina hilo la pili ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa kijana wa Kijerumani aliyeingia Misri akiwa na umri wa miaka 25, akafanya humo kazi iliyomtia katika tarehe, akafa humo na kuzikwa humo kabla hajatimiza miaka 38. Tumeona ni vyema kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, kwani aliyoyaona yeye katika mji wa Cairo mwaka 1851 na mwaka uliofuata ndiyo yanayotafutwa mpaka leo katika maabara za hospitali zetu kila inapopelekwa chupa ya mkojo wa mgonjwa wa kichocho.

Kutazama mkojo si jambo lililoanzwa na Wazungu. Matabibu wa zamani walioishi katika dola za Kiislamu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, waliufanya kuwa mlango mzima katika elimu ya tiba. Ishaq bin Sulayman al-Israili, tabibu wa Kiyahudi aliyewatumikia watawala wa Qayrawan katika karne ya 10, alitunga kitabu kizima juu ya mkojo peke yake, na kitabu hicho kikafasiriwa kwa Kilatini na kusomeshwa Ulaya kwa mamia ya miaka. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika Kanuni yake rangi ya mkojo, uzito wake, harufu yake, povu lake, na kile kiitwacho kwa Kiarabu rusub, yaani mashapo yanayojitenga na maji ya mkojo unapoachwa kutulia. Aliyapambanua mashapo yanayozama, yanayoning'inia katikati na yanayoelea juu, na akaeleza dalili za kila moja. Mabingwa hao hawakuona haya wala kinyaa. Twayataja haya kwa sababu wako kati yetu watu wanaoona kuwa mkojo, kwa kuwa ni najisi, haumpasi mtu mwenye heshima zake kuushughulikia. Wakitakiwa na daktari kuleta kidogo katika chupa hutahayari, na wengine huondoka wasirudi. Unajisi wa kitu ni hukumu ya tohara na sala. Haukupata kuwa kizuizi cha kukitazama kwa ajili ya kutafuta dawa.

Walakin jicho la mwanadamu lina mpaka wake. Ibn Sina aliyaona mashapo, lakini hakuweza kuona ni kitu gani kilichoyafanya. Hilo lilingoja hadubini, ile darubini ya kukuzia vitu vidogo. Na hata baada ya chombo hicho kupatikana Ulaya katika karne ya 17, ilipita miaka mingi kabla ya matabibu kukizoea kando ya vitanda vya wagonjwa. Katika miaka ya 1830 ndipo Pierre Rayer na mwanafunzi wake Eugène Vigla, katika hospitali ya Charité mjini Paris, walipoanza kuyatazama mashapo ya mkojo kwa hadubini kwa utaratibu, mgonjwa baada ya mgonjwa, wakaandika walichokiona. Huo ndio wakati aliokulia Bilharz.

Theodor Maximilian Bilharz alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 katika mji mdogo wa Sigmaringen, kando ya mto Danube, katika nchi za Kijerumani, ambazo siku hizo hazijawa dola moja. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya mtawala wa pale, na mama yake alitoka Uswisi. Alianza masomo ya juu katika chuo cha Freiburg, kisha mwaka 1845 akahamia Tübingen kusoma utabibu. Hata akiwa mwanafunzi alielekea zaidi upande wa viumbe vidogo kuliko upande wa kuuguza watu. Chuo kilipotoa swali la mashindano juu ya damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo, alilijibu kwa insha akapata tuzo. Alimaliza mitihani yake mwaka 1849, akarudi Freiburg kufanya kazi chini ya Carl Theodor von Siebold, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya wanyama na wa minyoo katika zama zake. Mwanachuoni huyo asisahauliwe, kwani barua alizoandikiwa na Bilharz kutoka Misri ndizo zilizoifikisha habari yote kwa ulimwengu.

Huko Tübingen alikuwako pia mwalimu mmoja kijana, Wilhelm Griesinger, aliyempenda Bilharz kwa bidii yake. Mwaka 1850 Griesinger aliitwa na Abbas Pasha, mtawala wa Misri, awe tabibu wake na msimamizi wa mambo ya tiba katika nchi. Akamchukua Bilharz awe msaidizi wake, nao wakafika Misri mwaka huo huo.

Yapasa tueleze Misri hiyo ilikuwa katika hali gani. Muhammad Ali Pasha, babu yake Abbas, ndiye aliyeanzisha mwaka 1827 shule ya utabibu ya Abu Zaabal kwa msaada wa tabibu wa Kifaransa, Antoine Clot, aliyejulikana kwa jina la Clot Bey. Mwaka 1837 shule hiyo ilihamishwa Qasr al-Ayni, kando ya Nile mjini Cairo, pamoja na hospitali yake kubwa. Humo vijana wa Kimisri walisomeshwa tiba, na kupasua maiti kwa ajili ya elimu, jambo lililokuwa zito kwa wengi mwanzo wake, likaruhusiwa. Mtawala huyo huyo, akitaka pamba nyingi ya kuuza Ulaya, alichimbisha mifereji ya kumwagilia mashamba mwaka mzima, mahali ambapo zamani maji yalikuja na gharika ya Nile na kuondoka. Mkulima wa Misri akawa anasimama ndani ya maji tangu Muharamu hata Mfunguo Tatu. Basi mkono mmoja ulijenga hospitali, na mkono wa pili, pasipo kujua, ukachimba makao ya ugonjwa utakaoijaza hospitali hiyo. Hatumlaumu Muhammad Ali kwa hilo, kwani katika zama zake hapana mtu yeyote, Mashariki wala Magharibi, aliyejua kuwa maji hayo yana kitu ndani yake.

Kukojoa damu kulikuwa ni jambo la kila siku Misri. Askari wa Napoleon walioingia nchi hiyo mwaka 1798 walipatwa nako, na daktari mmoja wa jeshi lao, Renoult, aliandika habari zake mwaka 1808. Lakini yeye na wenzake walidhani sababu ni joto, na jasho jingi, na kupanda farasi. Wenyeji nao walikuwa wamekwisha kuzoea. Jambo likiwapata watu wengi mno huacha kuitwa ugonjwa. Katika sehemu nyingi za Afrika mvulana akiona mkojo wake umegeuka mwekundu huambiwa kuwa sasa amekuwa mwanamume, na wazee hufurahi. Furaha hiyo imewagharimu watoto wengi.

Bilharz alipewa kazi katika Qasr al-Ayni, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kupasua maiti za waliofia hospitalini, wengi wao wakiwa askari na wakulima maskini, ili kujua kilichowaua. Wengine wangaliridhika kuandika jina la homa au la kuhara kisha wakafunga daftari. Yeye alikuwa na mazoea aliyoyatoa kwa mwalimu wake von Siebold, ya kutafuta minyoo kila mahali, hata mahali ambapo hapana aliyetazamia kuikuta. Akaitafuta katika damu yenyewe. Katika mwaka 1851, akikagua damu ya mshipa mkubwa unaotoka matumboni kuingia katika ini, aliona minyoo myeupe, membamba, yenye urefu wa sentimita moja hivi. Alimwandikia von Siebold barua tarehe 1 Mei 1851 kumjulisha.

Hapo mwanzo hakutambua umbo lake lote. Alipozidi kuitazama kwa hadubini aliona kwamba mnyoo huo una mfereji mrefu ubavuni mwake kama jani lililokunjwa, na ndani ya mfereji huo umelala mnyoo mwingine, mwembamba kama uzi. Ule mpana ndio dume, na ule uzi ndio jike. Dume hulibeba jike na kulikumbatia maisha yao yote. Minyoo ya jamaa yake iliyokuwa ikijulikana wakati ule huwa dume na jike katika mwili mmoja, na kwa hiyo jambo hili lilikuwa la ajabu kwa wataalamu. Akauita Distomum haematobium, maana yake mnyoo uishio katika damu.

Kuuona mnyoo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili, nayo kwa maoni yetu ndiyo iliyo kubwa, ni kuufunganisha mnyoo huo na ule mkojo mwekundu uliozoeleka nchi nzima. Katika miezi iliyofuata, hata mwaka 1852, Bilharz na Griesinger walivikagua vibofu vya maiti. Walikuta ngozi ya ndani ya kibofu imevimba, imefanya vidonda na vinundu, na mahali pengine imekuwa ngumu kama imetiwa mchanga. Walipokitia kipande chake chini ya hadubini walikuta ule mchanga ni mayai, mayai maelfu kwa maelfu, na katika mishipa midogo ya pale pale wakawakuta wazazi wa mayai hayo. Ikadhihirika ya kuwa jike hutaga mayai katika mishipa ya kibofu, mayai hutoboa njia ya kutokea, na njia hiyo ndiyo itokayo damu. Griesinger aliandika baadaye, mwaka 1854, kuwa katika maiti 363 zilizopasuliwa, 117 zilikutwa na mnyoo huo. Yaani karibu mtu mmoja katika kila watatu, na hao ni wale tu ambao minyoo yao ilionekana.

Yai lenyewe ni dogo, urefu wake ni kama sehemu moja ya saba ya milimita. Lina umbo la tende, na upande wake mmoja limechongoka likafanya mwiba. Mwiba huo ndio alama. Mtazamaji aliyekwisha kuuona mara moja hausahau, wala hawezi kuuchanganya na kitu kingine katika mashapo. Na vitu vingine ni vingi: mna chembe nyekundu za damu, mviringo kama sarafu, mna chembe nyeupe, ambazo zikizidi ndizo usaha, mna fuwele za chumvi zenye pembe, nyingine kama bahasha iliyofungwa, mna magamba ya ngozi ya njia ya mkojo, na katika ugonjwa wa figo mna vijiti vidogo vilivyochukua umbo la mirija ya figo, kama uji ulioganda ndani ya bomba. Kila kimoja kina habari yake. Walakin yai lenye mwiba halihitaji mfasiri. Likionekana, mgonjwa ana kichocho.

Namna ya kulitafuta ni nyepesi, na twaieleza ili mtu atakapoambiwa alete mkojo saa fulani asidhani anasumbuliwa. Mayai hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkojo wa alfajiri, ambao hutakiwa katika uchunguzi mwingine, kwa kazi hii huenda usionyeshe kitu. Matone ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu kibofu kinapojikamua ndipo kinapoyasukuma mayai nje. Na ndiyo sababu mgonjwa huona mkojo wake ukianza safi na kwisha na damu. Mkojo huachwa utuame, au hutiwa katika mashine ya kuzungusha ili mashapo yaende chini upesi. Maji ya juu humwagwa, tone la mashapo huwekwa juu ya kipande cha kioo na kufunikwa na kioo kingine chembamba, kisha hutazamwa, kwanza kwa ukuzaji mdogo, halafu kwa mkubwa. Siku hizi mara nyingi huchukuliwa mililita 10 na kuchujwa kwa chujio lenye matundu madogo mno, mayai yakabaki juu yake na kuhesabiwa. Chombo kimebadilika kidogo. Kitazamwacho ni kile kile cha Bilharz.

Liko jambo moja lililomtatiza, nalo liliwatatiza wataalamu kwa zaidi ya miaka 50 baada yake. Katika maiti zake alikuta mayai ya namna mbili, mengine yana mwiba nchani na mengine yana mwiba ubavuni. Yeye aliyachukua yote kuwa ya mnyoo mmoja. Mwaka 1907 ndipo Louis Sambon wa London alipoyafanya yale ya mwiba ubavuni kuwa ya mnyoo mwingine, akaupa jina la Patrick Manson. Na wako wakubwa waliompinga kwa ukali. Mwaka 1915 Robert Leiper aliitatua hoja hiyo huko huko Misri, kwa kuonyesha kwamba kila mnyoo una konokono wake: wenye mwiba nchani hukulia katika konokono wa aina ya Bulinus na hushika kibofu, na wenye mwiba ubavuni hukulia katika konokono wa aina nyingine na hushika matumbo na ini. Basi yale yaliyoonekana kuwa ni mzaha wa mayai yalikuwa ni maradhi mawili.

Griesinger hakudumu Misri. Mwaka 1852 aliondoka kurudi kwao, na Bilharz angaliweza kufuatana naye akapata cheo katika chuo cha Kijerumani. Alibaki. Alipandishwa daraja katika utumishi wa utabibu wa jeshi la Misri, na mwaka 1856 akawa mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili katika Qasr al-Ayni, akiwasomesha vijana wa nchi. Alimtazama pia kambare wa Nile mwenye umeme, yule amshtuaye mvuvi mkono ukafa ganzi, akaandika kitabu juu ya kiungo kinachotoa umeme huo, kilichotoka mwaka 1857. Wamisri humwita samaki huyo raad, neno lililo ndugu wa radi yetu. Na jina hilo walimpa kabla elimu ya Ulaya haijajua umeme ni kitu gani.

Mwaka 1862 mkuu mmoja wa Kijerumani, Ernst wa pili wa Coburg, alikuja na mkewe na watu wake kufanya safari ya Bahari ya Sham mpaka Massawa na nchi za mpakani mwa Uhabeshi, na Bilharz akatakiwa afuatane nao. Alirudi Cairo akiwa ameshikwa na homa kali. Akafa tarehe 9 Mei 1862, naye ana umri wa miaka 37, akazikwa katika mji huo. Hakuacha dawa ya kichocho, kwani hakuijua. Wala hakujua mnyoo huo huingia vipi katika mwili wa mtu. Alijua mahali unapokaa na kitu unachokifanya.

Baada ya kifo chake wataalamu waligombana juu ya jina la mnyoo wake. Tangu mwaka 1856 alikuwako Mjerumani mmoja, Meckel, aliyelitumia jina la Bilharz kwa ugonjwa huo, na Mwingereza Cobbold naye akataka mnyoo nao uitwe Bilharzia. Mwaka 1858 Weinland aliuita Schistosoma, na kwa kanuni za wataalamu jina hilo la mwisho ndilo lililoshika katika vitabu. Lakini vinywa vya watu havifuati kanuni. Misri na kwingineko ugonjwa ukabaki na jina la Bilharz, na huko Giza kiko chuo kikubwa cha uchunguzi wa maradhi hayo kiitwacho kwa jina lake.

Umri wa maradhi haya ulidhihirika mwaka 1910, pale Marc Armand Ruffer alipolainisha vipande vya figo za maiti mbili za Misri ya kale, zilizohifadhiwa kwa dawa tangu zaidi ya miaka 1000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, akayakuta ndani yake yale yale mayai ya mwiba. Mafirauni walipita, na Warumi, na Makhalifa, na Mamaluki, na mtoto wa mkulima katika zama zao zote akikojoa damu. Mwaka uliofuata, 1911, tabibu Ferguson wa Cairo alieleza jinsi saratani ya kibofu ilivyoandamana na kichocho cha siku nyingi, na leo hilo halina shaka: tangu mwaka 1994 mnyoo huo umewekwa rasmi katika hesabu ya vitu visababishavyo saratani. Kwa wanawake mayai hayo hushika pia njia ya uzazi, yakaleta vidonda, maumivu na hata ugumba, na mara nyingi mwanamke hudhaniwa kuwa na ugonjwa wa aibu ambao hana.

Safari ya mnyoo, kama alivyoidhihirisha Leiper, ni hii. Mtu mwenye kichocho hukojoa majini, au ukingoni pa maji. Yai likipata maji baridi yasiyo ya chumvi hupasuka, kikatoka kidudu kiogeleacho na kumtafuta konokono. Ndani ya konokono huzaana kwa majuma kadha, kisha hutoka vidudu vingine kwa maelfu, vyenye mkia, visivyoonekana kwa urahisi, vikaogelea kumtafuta mtu. Vikimpata aogaye, au afuaye nguo, au aliyesimama tu, hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa muda wa dakika chache. Baada ya miezi miwili au mitatu mayai huanza kuonekana katika mkojo. Ukiitazama safari hii utaona kwamba yote inasimama juu ya jambo moja, mkojo kuingia katika maji. Kukojoa katika maji yaliyotuama ni jambo tulilokatazwa tangu karne ya kwanza ya dini yetu, na kila mwanachuo amelisoma katika mlango wa tohara. Hatudai kwamba katazo hilo limeletwa kuwa somo la minyoo. Twasema tu kwamba lau lingalishikwa kando ya mabwawa yetu kama linavyoshikwa katika birika za misikiti, konokono wangalikaa bure.

Dawa ilichelewa. Mwaka 1918 Christopherson, aliyekuwa tabibu Khartoum, alitangaza kuwa sindano za chumvi ya madini ya antimoni huua mnyoo. Zilikuwa nyingi, kali, na mara nyingine za hatari. Serikali ya Misri ilizitumia kwa watu wengi mno tangu miaka ya 1950 mpaka mwanzo wa miaka ya 1980, na kwa kuwa sindano zile zile zilitumiwa kwa mtu baada ya mtu pasipo kuchemshwa sawasawa, virusi vya ini vya aina ya C vilienezwa katika nchi nzima. Wakulima waliosalimika na mnyoo wakaja kufa kwa ini. Ni habari ya kusikitisha, na haipendezi kuificha. Baadaye vikapatikana vidonge vya prazikwanteli, vinavyomezwa kwa siku moja kwa kadiri ya uzito wa mtu, na ndivyo vinavyotumika leo. Vidonge hivyo huua minyoo iliyopo. Havimkingi mtu na minyoo ya kesho akirudi katika maji yale yale.

Katika mwambao wetu mnyoo upatikanao ni huu wa kibofu. Watu wa miji ya visiwani na ya ufukoni hudhani hauwahusu, kwa kuwa bahari haina konokono huyo, na maji ya visima hayaogelewi. Ni kweli kwa bahari. Lakini watoto wetu huenda kwa wajomba zao Kwale, na Kilifi, na kando ya mto Tana, wakaoga katika mabwawa na vijito. Na mifereji ya mashamba ya Hola ilifanana mno na ile ya Muhammad Ali Pasha kwa konokono wake. Unguja na Pemba, ambazo ni visiwa, kichocho kimekaa miaka na miaka katika vijito vya ndani, na kazi ya kukitokomeza huko imehitaji vidonge, kuua konokono na kuwafundisha watoto, yote kwa pamoja.

Mvulana mwenye kichocho aghalabu huficha. Huona haya kumwambia mama yake, na akimwambia rafiki hucheka pamoja. Msichana huficha zaidi, kwani damu yake hudhaniwa ni ile ya kila mwezi. Mzazi asingoje kuambiwa. Na awezaye kumpeleka mtoto hospitali ampeleke karibu na adhuhuri, ampe maji anywe, amtembeze kidogo, kisha apeleke chupa upesi, maana mayai yakikaa mno katika mkojo huweza kupasuka yakapotea. Baada ya dawa arudishwe tena baada ya majuma machache, mashapo yakaangaliwe mara ya pili. Huenda mayai yakaonekana bado, kwani yale yaliyonasa katika kibofu huendelea kutoka hata minyoo ikiisha kufa. Hapo mtazamaji huangalia kama kidudu kilichomo ndani ya yai kingali kinatikisika, au yai limekuwa jeusi na kukauka.